Mkuu wa chuo anataka wanafunzi wapya waongezeke kwa asilimia 20: malengo ya kitengo cha masoko yaandikweje?

Mratibu_Masoko

Wanajukwaa, habari za kazi. Hivi karibuni nimekabidhiwa kitengo cha masoko na mawasiliano katika chuo tunachofanyia kazi. Mkuu wa chuo ametoa agizo moja tu: wanafunzi wapya waongezeke kwa asilimia 20 katika mwaka ujao wa masomo, nami niwasilishe malengo ya kitengo yanayolingana na agizo hilo katika kikao kijacho cha menejimenti.

Orodha niliyorithi ina malengo kama vile "kuimarisha taswira ya chuo", "kutangaza kozi zetu kwa upana" na "kuongeza wafuasi katika mitandao ya kijamii". Yanapendeza kuyasikia, lakini ukiondoa hilo la wafuasi, hakuna ambalo mwishoni mwa mwaka mtu angeweza kusema kwa uhakika kwamba limefikiwa au halikufikiwa. Kwa upande mwingine, nasita kuibeba asilimia 20 kama lengo la kitengo changu peke yake, kwa kuwa si mimi ninayeamua nani adahiliwe, ada iwe kiasi gani wala kozi zipi zifunguliwe. Naomba ushauri wa wenye uzoefu: niandike malengo ya namna gani ili yawe na uzito mbele ya menejimenti, nisije nikajifunga kwa mambo yasiyo katika uwezo wangu?

Karani_wa_Udahili

Ndugu Mratibu, kabla ya kuandika lengo lolote, nenda ofisi ya udahili ukaombe takwimu za angalau miaka mitatu, zikionyesha hatua kwa hatua: waliouliza habari za chuo, walioanza kujaza fomu, waliokamilisha maombi, waliopewa nafasi, waliothibitisha kuja, na waliofika kujisajili. Asilimia 20 haina maana yoyote mpaka ujue ni katika hatua ipi watu wanapotea.

Nitatoa mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Tuseme mwaka uliopita watu 2,800 walianza kujaza fomu, 2,000 wakakamilisha, 1,200 wakapewa nafasi, na 480 wakajisajili. Ongezeko la asilimia 20 ni kufikisha wanafunzi 576. Kama kiwango cha kujisajili kitabaki palepale, yaani asilimia 40 ya waliopewa nafasi, chuo kitalazimika kutoa nafasi 1,440, na ili kupata watu wa kuwapa nafasi hizo bila kushusha viwango, maombi kamili yatapaswa kufika 2,400. Lakini kama nafasi zitabaki 1,200 zilezile na kiwango cha kujisajili kikapanda hadi asilimia 48, chuo kitafika kwenye 576 ileile bila kutafuta mwombaji hata mmoja wa ziada. Hizo ni njia mbili tofauti kabisa, zenye gharama tofauti na wahusika tofauti. Ya kwanza inahitaji matangazo, ilhali ya pili inahitaji mtu wa kupokea simu, barua za udahili zinazotoka mapema, na maelezo ya ada yanayoeleweka kwa mzazi anayeyasoma mara ya kwanza.

Angalia pia wale 800 wa mfano wetu walioanza fomu wasiimalize. Hao tayari wanaijua kozi na wanaitaka, na mara nyingi wamekwamishwa na kiambatisho kimoja au na swali lililokosa wa kulijibu. Lengo la kwanza ambalo ningeliandika kama ningekuwa wewe ni la kupunguza idadi hiyo, kwa sababu liko karibu kabisa na uwezo wa kitengo chako na matokeo yake yanaonekana ndani ya wiki chache. Lile la wafuasi wa mitandaoni ningelifuta bila huruma. Mfuasi si mwombaji.

Mpanga_Mikakati

Nakubaliana na mchango uliotangulia, ila nadhani umelitazama zaidi upande wa masoko, wakati nusu ya tatizo iko kwa uongozi. Mkuu wa chuo ametaja tarakimu lakini hakutaja nani anawajibika kwa kipande gani. Mwaka 1981, George T. Doran alipopendekeza vigezo vitano vya kuandika malengo, ambavyo leo vinafundishwa katika karibu kila semina ya uongozi, kimojawapo kilikuwa kwamba lengo lioneshe nani atalitekeleza. Katika matoleo mengi yaliyofuata kigezo hicho kimeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na kile cha lengo kufikika, na kwa maoni yangu hasara yake inaonekana hasa katika taasisi kama vyuo, ambako mamlaka yamegawanyika kati ya menejimenti, idara za taaluma na ofisi za utawala. Doran mwenyewe, tena, hakudai kwamba kila lengo litimize vigezo vyote vitano, jambo ambalo wawezeshaji wengi husahau kulitaja.

Kwa hiyo usiende kwenye kikao na malengo ya kitengo chako tu. Nenda na pendekezo kwamba ile 576 iwe lengo la chuo kizima, chini ya mkuu wa chuo mwenyewe, na chini yake kila ofisi iwe na lengo lake. Kitengo cha masoko kiwajibike kwa idadi ya maombi kamili kutoka kwa watu wenye sifa. Ofisi ya udahili iwajibike kwa muda wa kujibu maombi. Wakuu wa idara wahakikishe kila aliyepewa nafasi anawasiliana na mhadhiri kabla ya tarehe ya mwisho ya kuthibitisha. Na ofisi ya fedha itoe taarifa za ada na misaada kwa tarehe iliyokubaliwa. Andika pia masharti waziwazi: kama bajeti ya matangazo itapunguzwa katikati ya mwaka, au kozi iliyotangazwa ikaahirishwa, lengo litajadiliwa upya. Kiongozi makini hatakasirika kuona masharti hayo. Akikasirika, basi ni afadhali umelijua hilo mapema.

Mhadhiri_Utawala

Naomba niongeze mambo mawili yanayotokana na utafiti. Edwin Locke na Gary Latham, walioshughulika na suala la malengo kwa miongo kadhaa, walionyesha kwamba lengo mahususi na gumu kwa kawaida huzaa matokeo bora kuliko agizo la jumla la kujitahidi kadiri ya uwezo, mradi mhusika amelikubali, anao uwezo na anapata mrejesho. Hata hivyo, tafiti zilizofuata zilibaini kwamba pale kazi inapokuwa ngeni na yenye utata, kumpa mtu lengo la kujifunza njia sahihi kunaweza kumsaidia zaidi kuliko kumpa tarakimu ya matokeo. Ndugu Mratibu ni mgeni katika kitengo hicho. Si aibu kwa robo ya kwanza ya mwaka kuwa na lengo la kubaini, kwa mfano, sababu kuu tatu zinazowafanya waliopewa nafasi wasije, na kujaribu njia mbili za kuwafikia kabla ya kumwaga fedha katika moja.

Jambo la pili ni tahadhari. Tarakimu ikigeuzwa kuwa fimbo, watu hutafuta njia ya kuitimiza hata kwa kuliharibu kusudi lake. Mwaka 2016 benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitozwa faini ya jumla ya dola milioni 185 baada ya kubainika kwamba wafanyakazi, wakisukumwa na malengo makali ya mauzo, walifungua akaunti nyingi bila idhini ya wateja. Chuo nacho kina vishawishi vyake: kumwahidi mwombaji ajira ambayo hakuna mwenye uhakika nayo, au kumdahili asiye na sifa ambaye ataacha masomo muhula wa pili. Ndiyo maana ningeshauri kila lengo la idadi liambatane na kipimo cha kulilinda, kama vile asilimia ya wanafunzi wapya wanaorejea mwaka wa pili. Idadi ikipanda huku kipimo hicho kikishuka, hapo hakuna mafanikio ya kuripoti.

Mratibu_Masoko

Nawashukuru sana. Nimeanza kuzitafuta takwimu za udahili, na hata kwa kuzitazama haraka naona waliokwama kwenye fomu ni wengi kuliko nilivyodhani. Limebaki swali moja: je, suala la taswira ya chuo niliache kabisa? Mkuu wa chuo analithamini mno, na sitaki aone kama nimelidharau.

Mpanga_Mikakati

Usiliache, lakini libadilishe liwe jambo linalopimika. Chagua kundi moja unalolihitaji, kwa mfano wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari au walimu wanaowashauri, uwaulize maswali machache sasa: ni vyuo gani wanavikumbuka bila kutajiwa, na chuo chenu wanakihusisha na nini. Rudia maswali yaleyale kwa kundi la aina ileile baada ya mwaka mmoja. Lengo litakuwa kuongeza sehemu ya wanaokitaja chuo chenu pamoja na sifa moja mliyoichagua, tena iwe sifa ambayo ni ya kweli. Msiahidi mabadiliko makubwa katika mwaka wa kwanza, kwa kuwa taswira huenda polepole kuliko maombi.

Karani_wa_Udahili

Nami nakuomba jambo moja la kiutendaji: usisubiri ripoti ya mwisho wa mwaka. Kila wiki wakati wa msimu wa maombi, linganisha idadi ya maombi kamili na ile ya wiki kama hiyo mwaka uliopita, kisha mpelekee mkuu wa chuo ukurasa mmoja tu. Mkiwa nyuma wiki ya sita bado kuna muda wa kufanya kitu. Mkigundua baada ya dirisha la maombi kufungwa, kitakachobaki ni kutafutana ubaya.