AS/400 kushirikiana faili na Windows na Linux: herufi hazisomeki na kazi ya usiku inakataliwa

Seva_Dodoma aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kutoka Dodoma. Ofisi yetu ina seva ya IBM Power inayoendeshwa na IBM i, ambayo wengi wetu bado tunaiita AS/400, na humo ndimo inamotunzwa orodha ya wakulima wa alizeti na zabibu pamoja na malipo yao. Kila usiku orodha hiyo inatakiwa ifike kwenye seva ya Windows ya wahasibu, na vilevile kwenye seva ya Linux inayowatumia wakulima ujumbe mfupi.

Nimefungua folda ya pamoja kupitia NetServer (huduma ya IBM i ya kushirikisha faili na Windows) na faili zinaonekana kwenye Windows, lakini zikifunguliwa hazisomeki hata neno moja. Amri ya kunakili kwenda /QNTC (njia ya IBM i ya kufikia folda za Windows) inakubali nikiiendesha mwenyewe mchana, ila kazi ileile ikipangwa usiku inanyimwa ruhusa. Zaidi ya hayo, jina la kata kama Ng'hong'onha likiingizwa kutoka Windows linapoteza ritifaa zake. Nianzie wapi?

Fundi_wa_Singida alijibu:

Anzia kwenye herufi. Hifadhidata ya AS/400 kwa kawaida huandika kwa EBCDIC (mpangilio wa IBM wa kuandika herufi kwa namba), ambamo A kubwa ni C1 kwa heksadesimali, ilhali kwenye ASCII, mpangilio wa kompyuta nyingi nyingine, ni 41. NetServer husafirisha baiti jinsi zilivyo, isipokuwa folda husika iwe imeelekezwa kugeuza maandishi ya faili zenye viambishi fulani mwishoni mwa jina, kama .csv. Mimi nisingetegemea ugeuzaji huo kwa faili za malipo, kwa sababu kiasi cha fedha mara nyingi hufungashwa tarakimu mbili katika baiti moja, na kukigeuza kana kwamba ni herufi ni kukiharibu. Ni salama zaidi AS/400 yenyewe iandae faili ya maandishi:

CPYTOIMPF FROMFILE(MALIPO/WAKULIMA) TOSTMF('/uhamisho/wakulima.csv') MBROPT(*REPLACE) STMFCCSID(1208) RCDDLM(*CRLF)

Namba 1208 ni CCSID, yaani namba ya seti ya herufi, na hii ni ya UTF-8, inayosomeka kwenye Windows na Linux. Ikiwa faili ya jina hilo ilikwishakuwepo na iliundwa kwa namba nyingine, ifute kwanza, maana namba yake ya zamani ndiyo itakayofuatwa.

Kuhusu Ng'hong'onha, nashuku kuwa jina limechapwa kwenye Word, ambayo hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Iliyopinda haimo kabisa katika CCSID 37 (mojawapo ya seti za EBCDIC), kwa hiyo nafasi yake huchukuliwa na alama ya kujazia, na baada ya hapo hakuna namna ya kuirejesha. Inyooshe kabla ya kuingiza, au safu ya majina iundwe kwa CCSID 1208.

Zamu_ya_Usiku alijibu:

Hilo la /QNTC ni suala la utambulisho. AS/400 huiambia Windows jina na nenosiri la mtumiaji ambaye kazi inaendeshwa kwa jina lake, hivyo akaunti hiyo lazima iwepo pande zote mbili kwa nenosiri lilelile. Mchana unaingia kwa jina lako. Tazama WRKJOBSCDE (amri ya kuonyesha kazi zilizopangwa) uone usiku ni nani. Tengeneza akaunti maalumu ya kazi hii, kisha angalia QPWDLVL (mpangilio wa kiwango cha nenosiri): ikiwa 0 au 1, nenosiri haliwezi kuzidi herufi 10, na huenda kanuni za Windows zenu zinadai refu zaidi.

Seva_Dodoma aliandika:

Nashukuru sana. Kazi ya usiku ilikuwa chini ya QPGMR, akaunti iliyokuja na mfumo, ambayo haina nenosiri lolote. Sasa wahasibu wameniomba niwafungulie "/" yote (mzizi wa folda zote za AS/400) ili wajichagulie faili. Je, kuna ubaya?

Fundi_wa_Singida alijibu:

Upo, tena mkubwa. Ndani ya "/" imo QSYS.LIB, yaani maktaba zote, na mfumo hutoka kiwandani ukiwa umeupa umma ruhusa pana mno juu ya "/". Kompyuta moja ya mhasibu ikiingiliwa na programu ya kudai fidia, itashambulia kila kinachoandikika kwenye folda hiyo. Wape /uhamisho peke yake, tena kwa kusoma tu. Orodha ya ruhusa ya QPWFSERVER husaidia kuziba njia ya kwenda QSYS.LIB, lakini haimzuii mwenye *ALLOBJ, yaani ruhusa ya kugusa kila kitu. Na mtu asikushawishi kurudisha SMB1 (toleo la zamani la itifaki ya kushirikisha faili) kwenye Windows kwa kisingizio cha seva ya zamani. WannaCry, programu ya kudai fidia ya Mei 2017, ilipenyea humo.

Zamu_ya_Usiku alijibu:

Naongeza la Linux. NFS (njia ya kushirikisha folda na Linux) ipo kwenye IBM i, ila kwa kawaida hutambua watu kwa namba ya mtumiaji, yaani UID, si kwa jina, kwa hiyo namba zisipolingana pande zote mbili, faili itaonekana kuwa ya mtu mwingine. Kwa faili moja ya kila usiku naona SFTP (njia ya kutuma faili kwa usalama) inatosha, kwa kuwa imesimbwa na haihitaji folda kubaki wazi mchana kutwa. Itume kwa jina la muda, kwa mfano wakulima.tmp, kisha ibadilishwe jina kuwa wakulima.csv ikishafika yote, ili programu ya ujumbe isije ikaanza kusoma orodha iliyofika nusu.