Kizunguzungu kila nikiinuka, nianzie wapi kupima na hela ni ndogo?

Mama Kichanja

Habari za jioni wakuu, naombeni msaada wa mawazo hasa nyie mlioko huku huku Mwanza na wenye uelewa wa mambo ya afya.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 36, naishi Igombe na kazi yangu ni dagaa, tunanunua alfajiri boti zikiingia, tunaanika, wakikauka napeleka Mwaloni Kirumba. Sasa tangu mvua zianze napata kizunguzungu ambacho sikielewi. Nikiwa nimeinama nageuza dagaa kwenye kichanja, nikinyanyuka tu macho yanaingia giza, masikio yanavuma, moyo unakimbia mpaka nishike nguzo nisimame kidogo ndo hali irudi. Majuzi nilikaa chini kabisa na beseni likamwagika. Kupanda kile kilima cha kwetu na ndoo ya maji siku hizi napumzika njiani na zamani sikuwa hivyo.

Kila mtu ana la kwake. Jirani anasema presha, shemeji anasema malaria imejificha kwahiyo ninywe tu dawa mseto, mama mkwe yeye anaona ni mkono wa mtu na kuna mahali anataka tuende. Alafu kuna vijana wameweka meza pale mjini wana kamashine unashika kijiti mkononi kompyuta inasoma mwili mzima, wanasema elfu kumi tu na majibu hapo hapo, shoga yangu kaenda kaambiwa ana matatizo ya ini, figo na mifupa kwa pamoja na akauziwa makopo ya dawa.

Shida sasa hivi ni mbalamwezi, boti hazitoki, hela ya mkononi ni ya kula. Nikifikiria Bugando naogopa gharama. Bima sina. Nianzie wapi jamani?

Tabibu wa Kanda ya Ziwa

Pole sana dada yangu. Mimi ni tabibu, nimefanya kazi zahanati na vituo vya afya kanda hii hii, ngoja nikuandikie vizuri maana hili jambo watu wengi linawamalizia hela bure.

Kwanza hiyo meza ya kijiti mkononi achana nayo kabisa. Kile kijiti hakipimi ini wala figo wala kitu chochote kwenye damu yako, ili ujue ini au figo zina shida lazima damu au mkojo uingie maabara, hakuna njia ya mkato ya kushika chuma. Ile kompyuta inatoa orodha ya magonjwa ili makopo yauzike. Hiyo elfu kumi ndo ingekufanyia vipimo vya kweli.

Pili, kizunguzungu sio ugonjwa, ni dalili, na jinsi unavyokielezea ndo kunampa daktari nusu ya jibu. Kuna mtu anasema kizunguzungu akimaanisha dunia inazunguka, nyumba inageuka na anataka kutapika, huyo mara nyingi shida iko sikio la ndani. Kuna anayemaanisha macho yanaingia giza akisimama, kama wewe, huyo tunawaza damu kupungua, maji kupungua mwilini, presha kushuka akisimama, au moyo. Na kuna ambaye kichwa kinakuwa chepesi akikaa na njaa muda mrefu au mwenye sukari anayetumia dawa asile.

Kwa maelezo yako, hasa hilo la moyo kukimbia na kuchoka kupanda kilima, mimi wa kwanza ninayemshuku ni upungufu wa damu. Ila sikutibu mtandaoni, naomba unijibu haya: hedhi yako ikoje, inatoka nyingi? Unatumia njia gani ya uzazi wa mpango? Una hamu ya kutafuna udongo au barafu? Umewahi kuona choo cheusi cha kunata kama lami? Kuna dawa zozote unameza kila siku, hata za maumivu za dukani? Na siku zako umeziona kwa wakati mwezi huu?

Presha ya kupanda wala isikutishe kwanza, watu wengi wenye presha ya juu hawasikii chochote ndo maana inaitwa muuaji wa kimyakimya, lakini kupimwa upimwe. Na dawa mseto usimeze bila kipimo, kile cha kutoboa kidole kinatoa majibu ndani ya dakika 15 hadi 20 na kila zahanati wanacho.

Bint Nyakato

Pole dada. Hapo kwenye siku zako usipapuuze. Dada yangu alikuwa na kizunguzungu na maumivu ya tumbo chini upande mmoja, watu wakasema ni njaa ya kufunga, kumbe mimba imetunga nje ya kizazi na damu inavujia ndani. Tuliwahi hospitali akafanyiwa upasuaji yuko salama. Kwahiyo mwanamke yeyote ambaye siku zake zimepitiliza, anaumwa tumbo chini na anaishiwa nguvu, ni kwenda hiyo hiyo saa, usiku au mchana.

Mzee wa Buhongwa

Wanangu salaam. Mimi changu kilikuwa cha aina ile aliyoitaja tabibu ya dunia kuzunguka. Nikigeuka kitandani upande wa kulia tu, paa la nyumba linazunguka kwa nusu dakika hivi, alafu linatulia. Nilimezeshwa dawa za kila aina, malaria, taifodi, presha, hakuna kilichobadilika. Baadaye nikapata rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, akanilaza ghafla kichwa kikining'inia ukingoni mwa kitanda, akaangalia macho yangu yanavyochezacheza, akasema ndani ya sikio kuna chembechembe ndogo sana za chokaa zimehama mahali pake zikaingia kwenye mifereji inayotufanya tusiyumbe. Akanigeuza kichwa upande mmoja akasubiri, akakigeuza upande wa pili akasubiri, akanilaza ubavu, akanikalisha. Basi. Hakuna kidonge wala sindano. Tangu hapo nalala ninavyotaka.

Nasema hivi kwa sababu wazee wenzangu wengi wanafikiri ni kiharusi kinakuja wanaishi kwa hofu. Ila ukitaka kufanya hiyo ya kugeuza kichwa afanye mtaalamu kwanza akuoneshe, shingo zetu za uzeeni hizi sio za kuchezea.

Mama Kichanja

Asanteni sana, yani nimesoma mpaka machozi yamenilenga. Tabibu najibu: hedhi ni nyingi mno kaka yangu, tangu niweke kitanzi cha shaba mwaka jana siku mbili za kwanza nabadilisha pedi karibu kila saa na inatoka na mabonge. Udongo ndio natafuna, ule wa kuuzwa sokoni, nikikosa silali vizuri, nilijua ni tabia tu iliyobaki tangu ujauzito. Choo cheusi hapana. Dawa simezi, ila chai ya rangi nakunywa sana, asubuhi, mchana na jioni pamoja na chakula. Siku zangu nimeziona. Na maji ya ziwa tunaingia kila siku, kupokea dagaa lazima uingie mpaka magotini, mara nyingi peku.

Tabibu wa Kanda ya Ziwa

Dada, kwa majibu hayo mashaka yangu yameongezeka. Hedhi nzito pamoja na kitanzi cha shaba, hicho kweli kwa baadhi ya wanawake kinaongeza damu, alafu kutafuna udongo, hiyo sio tabia mbaya, mara nyingi ni mwili umeishiwa madini chuma. Chai ya rangi pamoja na chakula nayo inazuia chuma kilichoko kwenye maharage na mchicha kisiingie mwilini. Na ziwa lenyewe lina mchango wake: kichocho cha tumbo kimejaa fukwe zetu hizi, vijidudu vinatoka kwa konokono vinapenya ngozi ukiwa majini, na minyoo ya safura inapenya miguuni ukitembea peku kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi, inanyonya damu kidogo kidogo kila siku.

Ukifika zahanati au kituo cha afya sema waziwazi, usiseme tu "naumwa kichwa". Sema: nikiinuka macho yanaingia giza, hedhi nzito, nina kitanzi, natafuna udongo. Omba wingi wa damu, presha ukiwa umelala na ukisimama, malaria, sukari, mkojo na kipimo cha mimba, na choo kwa ajili ya minyoo na kichocho. Hivyo vyote ni vipimo vya kawaida, havihitaji mashine kubwa. Kwenye wingi wa damu, mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 kwenda juu.

Ila ukiona mdomo umepinda, mkono au mguu upande mmoja umelegea, kuongea kwa shida, kichwa kinauma ghafla kuliko ulivyowahi, kifua kinabana, au umezimia, usianzie zahanati, tafuta usafiri nenda hospitali kubwa moja kwa moja.

Kaka wa Kisesa

Mimi niongelee hela maana hapo ndo watu wanakwama.

Dada usikimbilie Bugando. Ile ni hospitali ya rufaa ya kanda, inabeba wagonjwa wa mikoa yote ya huku, ukienda bila rufaa unalipa zaidi na unapanga foleni na watu wenye saratani na upasuaji mkubwa wakati wewe unahitaji kutobolewa kidole. Anza zahanati au kituo cha afya cha serikali kilicho karibu, wakiona inawashinda watakuandikia rufaa kwenda hospitali ya wilaya au Sekou Toure ambayo ni ya mkoa, na ile karatasi ya rufaa itunze vizuri. Nenda asubuhi na mapema siku za kazi, maabara inakuwa wazi na majibu unapata siku hiyo hiyo. Na sa hivi ndo muda wako, boti zimekaa, mwezi ukiingia giza hutopata nafasi tena.

Kabla ya kupimwa uliza bei ya kila kipimo, ni haki yako, na lipa kwa namba ya malipo upewe risiti, usimpe mtu hela mkononi. Kama huna kabisa, usirudi nyumbani kimyakimya, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii, kila hospitali ya serikali ina huyo mtu, kazi yake ni pamoja na kusikiliza wasio na uwezo. Ukiwa na barua ya mtendaji wa mtaa inakurahisishia. Huduma za uzazi wa mpango kwenye vituo vya serikali ni bure, kwahiyo kuangaliwa kitanzi, kukitoa au kubadilisha njia usiogope gharama. Watoto chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza nao wana msamaha.

Kuhusu bima, sisi kwetu tuliwahi kuwa na CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, elfu 30 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, ilitusaidia sana watoto walipougua mfululizo. Sasa kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 na mambo yanahamia huko, pita kwa mtendaji uulizie namna ya kujiandikisha, na uifanye msimu wa dagaa ukiwa mzuri, usisubiri mtu alale wodini.

Mama Kichanja

Narudi na majibu wakuu. Nimeenda kituo cha afya na mume wangu. Damu ni 8.4. Malaria hakuna, sukari sawa, mimba hakuna, presha nikilala iko sawa ila nikisimama inashuka. Kwenye choo wameona kichocho na safura, nimepewa dawa za kichocho wamenipima uzito kwanza na kimo ndo wakahesabu vidonge, na dawa ya minyoo, na vidonge vya kuongeza damu. Kitanzi wamesema nirudi kliniki ya uzazi wa mpango tuongee njia nyingine. Hela niliyolipa yote haijafika hata ile waliyotaka kwenye kopo moja la shoga yangu. Wabeja sana!

Tabibu wa Kanda ya Ziwa

Nimefurahi sana. Sasa hapo pa muhimu ni kutoacha njiani. Vidonge vya damu vikikusumbua tumbo meza pamoja na chakula, ila chai na kahawa ziwe mbali, saa moja au mbili pembeni, chungwa au embe ndo vizuri kuambatana navyo. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke, ni chuma. Utaanza kusikia nafuu mapema na hapo ndo wengi wanaacha, wewe endelea mpaka damu ifike kiwango, kisha miezi mitatu mingine ya kujaza akiba. Rudi kupima kwa tarehe waliyokupa.

Na tafadhali sana, hivyo vidonge weka juu, mbali na watoto. Vina rangi nzuri, mtoto anadhani pipi, na vikiwa vingi vinaua. Tafuta mabuti ya kuingilia majini, na dagaa wenyewe unaouza kula, maini ukipata kula.

Mkerewe Nansio

Samahani kwa kudandia, baba yangu ana miaka 71 anatumia dawa za presha, siku hizi akiamka asubuhi anayumba mpaka anashika ukuta. Ndugu wanasema tumwachishe dawa.

Tabibu wa Kanda ya Ziwa

Msimwachishe ghafla mkuu, presha inaweza kuruka akapata kiharusi. Mpelekeni na vidonge vyake VYOTE kwenye mfuko mmoja, vya presha, vya tezi dume kama anavyo, vya maumivu, hata vya miti shamba, maana vingine vikikutana vinashusha presha kupita kiasi. Apimwe amelala alafu tena baada ya kusimama dakika moja hadi tatu, namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi daktari atapunguza dozi au kubadilisha dawa. Kwa sasa akiamka akae ukingoni mwa kitanda kwanza achezeshe miguu, ndo asimame, na usiku awe na kopo la haja ndogo karibu asitembee gizani. Akianguka akagonga kichwa, hata kama anaongea vizuri, mfikisheni hospitali siku hiyo hiyo.