Nishaurini: mfumo endeshi nilioujenga umeletewa mkataba, nitie sahihi?

FundiMwembeTayari

Assalam aleikum ndugu zangu, na wasio Waislamu nawasalimu pia. Maelezo ni marefu kidogo, nivumilieni, kwa maana sina mtu wa karibu wa kumwuliza jambo hili.

Mimi ni fundi wa kompyuta, kibanda changu kiko Mwembe Tayari. Miaka minne nyuma niliitwa na madrasa moja huko Kisauni. Walikuwa na kompyuta kumi na moja za msaada, na ndani yake programu ya kuweka majina na alama za watoto. Siku ya kutoa matokeo, programu ikaonyesha ukurasa mmoja tu: muda wa leseni umekwisha, lipa kwa dola. Alama za watoto zaidi ya mia mbili zilikuwa mumo humo ndani ya mashine, ndani ya chumba kile, na mwalimu hawezi kuziona. Nilijaribu kila ninalolijua. Mafaili yalikuwa yamefungwa kwa namna inayojulikana na kampuni ile pekee. Wazazi wako nje barazani wanangoja. Mwisho mwalimu akachukua daftari la mahudhurio akaanza kuwauliza watoto mmoja mmoja: "Wewe Fiqhi ulipata ngapi?" Sauti ile sijaisahau mpaka leo.

Usiku uleule nikaanza kujenga mfumo endeshi wangu, yaani programu inayoiendesha kompyuta yenyewe. Mwanzo nilitaka kuandika kila kitu kwa mkono wangu, mpaka kiini chenyewe, ile sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na vifaa vya mashine. Ilinichukua miezi kumi na minne. Mlioipitia njia hii mtanielewa nikisema nilikaa siku tisa na kibodi: nabonyeza herufi ya kwanza inatokea, ya pili kimya. Mashine haijakwama, saa kwenye kona inaendelea kutembea, lakini kibodi imekufa. Kumbe kibodi inapobisha hodi, haitoshi kuipokea ile herufi. Lazima pia umjulishe msimamizi wa hodi kwamba umemaliza. Ni namba moja tu, 0x20, unaituma kwenye mlango wa 0x20. Usipoituma, yeye anadhani bado una mgeni ndani, na hodi ya pili hakuletei. Siku niliyoandika mstari ule, nikaandika "Bismillahi" kwenye skrini yangu mwenyewe, herufi zote zikatoka. Nililia.

Halafu nikaitazama wifi na utitiri wa chipu zake, nikaona umri wangu hautoshi. Nikakiweka kiini changu kando, nikachukua Linux, kiini kilichoandikwa na wengine, na juu yake nikajenga yaliyobaki kutoka kwenye msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, si kwa kunakili mfumo wa mtu uliokwisha kupikwa. Amri za msingi ni za BusyBox, furushi la programu ndogondogo lililoandikwa na wengine. Vya kwangu ni kisakinishi, kidhibiti cha vifurushi (cha kuongeza na kuondoa programu), menyu za Kiswahili, na daftari la alama linalohifadhi kila kitu kwa maandishi ya kawaida, yatakayosomeka hata miaka ishirini ijayo kwenye mashine yoyote. Nimeuita Baraza. Unaingia kwenye flashi ya GB 4, na laptopu yenye RAM ya GB 2 inaumudu. Masharti niliyojiwekea ni haya: hakuna kinachotumwa nje bila mwenye mashine kujua, hakuna kinachojifunga kwa sababu ya malipo, na msimbo uko wazi.

Sasa wiki iliyopita amenijia mfanyabiashara mwenye godauni Shimanzi. Analeta laptopu za ex-UK kwa kontena. Tangu Windows 10 ikatiwe masasisho Oktoba 14, 2025, anapata kwa bei ya chini mashine zisizokubali Windows 11, nyingine kwa kukosa TPM 2.0, chipu ya usalama, nyingine kwa sababu prosesa ni za zamani. Anataka Baraza kwenye laptopu 400, na ananipa shilingi 350,000 mkononi. Kwa upande wake anataka msimbo wote uwe mali yake na ufungwe, tangazo litokee kila mashine ikiwashwa, na mfumo umpelekee orodha ya programu ambazo watu wanatumia.

Nina mke na mtoto. Kodi ya kibanda ya miezi miwili sijalipa, na tokeni za stima nanunua za shilingi mia mia. Je, nitie sahihi? Na liko la pili linaloniumiza zaidi: kiini si changu, je, nina haki hata ya kuuita mfumo huu huru? Naomba mnijibu kwa ukweli, msinifariji.

MamaWawili_Bamburi

Mdogo wangu, tia sahihi. Nakwambia kwa mapenzi, si kwa kudharau kazi yako. Mimi nimeona watu wazuri wakishikilia jambo lao hadi mlango ukapigwa kufuli na mwenye nyumba. Laki tatu na nusu ni kodi, ni ada, ni mke kulala usingizi. Ulichonacho kichwani hakuna wa kukununulia, utajenga mwingine.

KambaNaNanga

Dada nakuheshimu, lakini fundi huyu hata akitaka kutia sahihi hawezi.

Kiini cha Linux kiko chini ya leseni ya GPL toleo la 2, na BusyBox vilevile. Leseni hiyo inasema ukimpa mtu programu, umpe na msimbo wake au ahadi ya kumpa, na yeye awe na haki ya kuinakili, kuibadilisha na kuigawa. Ukiandika kwenye mkataba kwamba msimbo wote ni mali ya bwana fulani na umefungwa, umeuza nyumba ya jirani. Na si leseni ya kupamba ukuta. Mwaka 2007, waandishi wa BusyBox walikwenda mahakamani Marekani kudai haki hiyo kwa kampuni iliyoitumia bila kutoa msimbo. Mfanyabiashara huyu huenda hajui. Mwambie mapema, maana mzigo huo utamwangukia yeye pia.

Na hiyo orodha ya programu watu wanazotumia, Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Huwezi kuchota habari za watu kimyakimya kwa sababu tu ndiwe uliyewauzia laptopu.

Vilivyo vyako, yaani kisakinishi, vifurushi, menyu na daftari la alama, ungeweza kuvifunga. Ila soma tena ulivyoandika juu ya ile madrasa kisha ujiulize kama utaweza.

Sasa pesa, maana naona umeshaamini kwamba ukishika msingi wako ni lazima ulale njaa. Si kweli, na waanzilishi wa mambo haya hawakuwa hivyo. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kujenga mfumo endeshi huru, mwaka 1983, na kufikia 1985 alikuwa akiuza kanda za Emacs, programu yake ya kuandikia, kwa dola 150 kila moja, ilhali msimbo wake ulikuwa wazi. Linus Torvalds alipotoa Linux mwaka 1991, leseni yake ya kwanza ilikataza watu kutoza pesa. Mwaka 1992 akaiondoa akaweka GPL, na kuuza kukaruhusiwa. Mtoze huyu mtu kwa kila laptopu utakayosakinisha. Mtoze kwa kuwafundisha vijana wake, na mtoze kila atakapokuita. Usichomwuzia ni uwezo wa kuwafungia wengine.

BintiKibokoni

Kaka fundi, Kiswahili kimetupa maneno mawili ambayo Waingereza wanahangaika kuyatenganisha ndani ya neno lao moja: huru na bure. Mfumo wako uwe huru. Nani alisema uwe bure? Mwandikie mteja wako hivyo hivyo, ataelewa.

Mimi ni mfasiri, na nimeupakua Baraza jana usiku nikaujaribu. Tafsiri nyingi ni nzuri, ila kuna mahali umeandika "Ua mchakato". Shangazi yangu alikuwa amekaa na laptopu, programu ikagoma, akakutana na maneno hayo, akaondoa mkono kabisa kwenye kipanya. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sitaki kuua kitu." Weka "Simamisha programu". Nimepata kama sitini za namna hiyo, na naweza kuzirekebisha zote bila malipo. Na usidhani uko peke yako katika njia hii: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Istilahi zao zipo, tusianze kubuni upya kila neno.

FeriYaAlfajiri

Najibu lile swali la pili, maana wengine wamelipita.

Ukitafuta mtu aliyejenga kila kitu mwenyewe utachoka. GNU walianza kwa zana, wakakianza kiini chao, Hurd, mwaka 1990, na watu wakaja kutumia zana zile juu ya Linux, kiini cha Linus, kijana wa Helsinki. Kila mmoja alisimama kwenye kazi ya mwingine. Walioamua kwenda toka sifuri wapo na nawaheshimu: mfumo endeshi wa Haiku ulianza 2001, ukafika toleo la beta (la majaribio) la kwanza 2018. SerenityOS, mfumo mwingine wa namna hiyo, ilianzishwa na mtu mmoja mwaka 2018, naye alikuwa anatafuta kazi ya kumshika baada ya kuacha uraibu, hakuwa na madrasa inayongoja. Wewe unayo. Ulifanya sawa kukiweka kiini kando, na zile siku tisa za kibodi hazikupotea, ndizo zilizokufanya uijue mashine.

Na stima usione haya kuitaja. OpenBSD, mradi mwingine wa mfumo endeshi huru, mwanzoni mwa 2014 walitangaza kwamba wasipopata dola 20,000 za umeme watazima mitambo. Watu wakachanga, wakaendelea. Kwa hiyo iandike stima kwenye ukurasa wa mradi, kiasi gani kwa mwezi, waziwazi.

Lakini mimi nina swali langu. Nywila ya hazina ya msimbo, pale unapouhifadhi, anayo nani? Hatua za kuujenga mfumo kutoka mwanzo zimeandikwa wapi? Leo ukiugua, Mungu akuepushie, ile madrasa itafanya nini? Kama jibu ni "watanisubiri", basi wamefungiwa tena, safari hii na mtu wanayempenda.

FundiMwembeTayari

Hili la mwisho limenichoma, kwa sababu ni kweli. Nywila ninayo mimi peke yangu. Hatua za kujenga ziko kichwani, na nyingine nyuma ya risiti za tokeni.

MaalimTudor

Mwanangu, mimi kompyuta naitumia kuandikia tu, lakini nimesoma yote haya na naona jambo ninalolijua. Pwani yetu tuna visima vya wakfu. Aliyekichimba akishakiweka wakfu, hakiuzwi, hakirithiwi, na hata yeye mwenyewe akija kuteka maji anapanga foleni kama mpita njia. Anayelipwa ni mwenye kukitunza, na malipo yake si dhambi. Leseni anayoieleza KambaNaNanga imekaribia sana hapo.

KambaNaNanga

Maalim ahsante. Kuna tofauti moja, na fundi aijue. Wakfu humfunga hata aliyeutoa. GPL haimfungi mwenye hakimiliki. Leo vile vinne ni vyako peke yako, kwa hiyo kesho ukibanwa unaweza kutoa toleo jipya lililofungwa, ingawa la zamani litabaki wazi. Dawa ni kuviweka navyo chini ya GPL, kisha kupokea kazi za wengine bila kuwataka wakukabidhi hakimiliki zao. BintiKibokoni akishaweka zile tafsiri sitini, toleo lenye kazi yake huwezi kulifunga bila ruhusa yake. Wakifika watu kumi, mfanyabiashara itabidi awazungukie wote kumi. Pokea kazi yake leo, wakati kodi bado inakubana.

Kisha andika masharti yako pale kila mtu anapoyaona. Debian, mfumo mwingine uliojengwa juu ya Linux, ilianza 1993, na mwaka 1997 wakatoa Mkataba wa Kijamii unaowaambia watumiaji wamewaahidi nini. Yako yanatosha mistari mitatu.

FundiMwembeTayari

Nimerudi. Jana baada ya adhuhuri nilikwenda Shimanzi na karatasi moja. Nilimweleza suala la leseni, nikamweleza ninachoweza kumfanyia na bei yake. Alisoma polepole, akavua miwani.

"Kwa hiyo kijana, mimi nikiichukua hii flashi nikaisakinisha kwenye laptopu zote mia nne, nisikulipe hata thumni, si kosa?"

Nikamwambia, "Si kosa, Ami. Ila msimbo uende pamoja nazo."

Akanyamaza. Vijana wake walikuwa wanapakua maboksi, na mmoja alikuwa ameweka laptopu sita mezani, mbili kati yake hazikuwaka. Mzee akaziangalia zile mbili kwa muda. Kisha akaniuliza, "Na mteja akinirudia, nimwite nani?"

Tumeanza na thelathini, shilingi 600 kwa kila moja. Orodha ya programu ameiacha. Tangazo lilimwuma kuliacha, tukakubaliana jina la duka lake liwe kibandiko juu ya kifuniko cha laptopu, ndani ya mfumo lisiingie. Zile 350,000 hazipo tena, na MamaWawili najua utasikitika. Kodi ya mwezi mmoja nimelipa, wa pili bado.

Tafsiri za BintiKibokoni zimeingia usiku wa kuamkia leo, kwa jina lake. Nywila nimempa mwalimu wa madrasa ndani ya bahasha iliyofungwa, na nyingine nitampa KambaNaNanga tukionana. Hatua za kujenga nimeziandika hadi ukurasa wa tatu. Nahitaji mtu mwenye laptopu asiyoiogopea azifuate kama zilivyo, bila kunipigia simu, aniambie ni mstari gani umemkwamisha.