Fulana za biashara ya dagaa: rangi gani nisijutie tena?

Mama wa Mwaloni
Habari zenu wadau. Nafungasha dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Wa kukaanga na wa kukausha, vifuko vya nusu kilo, nauza mpaka Shinyanga. Nataka fulana 60 na kapelo 60 niwagawie wateja wa jumla na vijana wa bodaboda wanaonibebea mzigo, zitoke kabla ya Nane Nane ya Nyamhongolo.

Nembo yangu ni dagaa watatu wa njano ndani ya duara la kijani. Mwaka jana nikatoa fulana za kijani, maandishi ya njano. Niligawa Jumamosi. Jumatatu mteja wangu wa Igoma akanirudishia yake, kaikunja vizuri, kaitia kwenye mfuko. "Mama, dukani kwangu wanaingia watu wa vyama vyote. Hii nikiivaa nitaonekana nina kadi ya CCM." Iliniuma, maana alisema kweli. Na vijana wawili wa bodaboda, Simba lialia, hawakuzivaa hata siku moja. Wanasema nimewavisha Yanga.

Sasa nafikiria nyeupe, au nyekundu. Aliyewahi kuprinti anishauri.

Fundi wa Fremu
Shikamoo mama. Naprinti fulana hapa hapa Mwanza.

Nyeupe kwa mtu anayeshika dagaa wa kukaanga, wiki ya kwanza tu kifua kina madoa ya mafuta na nembo yako iko katikati ya madoa hayo. Nyekundu, kwanza ni ya Simba, kwa hiyo umehamisha ugomvi tu. Pili inapauka haraka kwa jua letu. Tatu, kama kitambaa ni poliesta, ukikausha wino kwa joto rangi ya kitambaa inapanda kwenye wino mweupe. Umeacha maandishi meupe jioni, asubuhi yamekuwa ya pinki. Nilishawahi kumlipa mteja dazeni mbili kwa sababu hiyo.

Chukua bluu iliyokoza, pamba, wino mweupe peke yake. Kila rangi ina fremu yake, yaani ile ya wavu ninayopitishia wino, na gharama yake. Njano ukiipiga moja kwa moja juu ya bluu inafifia, inavutia kijani. Lazima utangulize tabaka jeupe chini, hapo umeshalipia fremu mbili kwa rangi moja.

Wa Ukerewe
Naunga mkono bluu na nyeupe, ila mama usije ukapamba kola kwa nyekundu. Bluu, nyeupe na nyekundu nazo zina wenyewe, ni Chadema.

Halafu kapelo kwa bodaboda za nini? Kichwani ana helmeti. Mpe rifleta yenye mistari inayong'aa, aonekane usiku, na mgongoni uandike jina lako. Ataivaa kila siku kwa sababu anaihitaji.

Mama wa Mwaloni
Rifleta! Hilo sikuliwaza kabisa, asante sana. Fundi, je, ile bluu niliyoiona kwenye simu ndiyo itakayotoka?

Fundi wa Fremu
Hapana mama. Simu inawaka, kitambaa hakiwaki. Njoo uchague kwenye kitambaa chenyewe, tena utoke nacho nje mlangoni. Bluu nyingi chini ya taa ya dukani zinaonekana nyeusi. Nitakuprintia moja ya majaribio, uifue mara tatu ndipo uniambie niendelee.

Mama wa Mwaloni
Nimerudi wadau. Ya majaribio nimeifua mara tatu, nikaianika kwenye kamba karibu na vichanja. Dagaa wale watatu weupe juu ya bluu wanafanana na dagaa wenyewe wanapotolewa ziwani usiku, taa ya mtumbwi ikiwamulika. Duara la kijani nimeliondoa. Yule wa Igoma kapita leo, kaishika, kauliza yake itakuwa lini.

Fundi, fulana 60 bluu, rifleta 20, kapelo basi. Kesho nikishapakia mzigo wa Shinyanga nakuja na nusu ya pesa.