Kumshukuru daktari aliyegundua fangasi wa mapafu: mbuzi, bahasha au barua?

Kijana wa Same
Habari zenu wakuu. Baba alimaliza dawa za TB, akapewa tena mara ya pili japo makohozi yalikuwa hasi. Kikohozi, kukonda na damu kidogo kwenye makohozi vikabaki palepale. Daktari wa hospitali ya mkoa akasema ni fangasi aina ya Aspergillus, wameota ndani ya tundu lililoachwa na TB ya kwanza. Sasa yuko mwezi wa pili wa itrakonazoli, dawa ya kuua fangasi, na uzito umeanza kurudi. Mzee anataka kumpelekea daktari mbuzi na bahasha. Inaruhusiwa? Kama ni barua, iandikwe vipi ili imsaidie kweli? Na ipelekwe sasa au tungoje amalize dozi?

Mzee wa Masjala
Kijana wangu, bahasha ibaki nyumbani. Baba yako bado ni mgonjwa wa kliniki ya daktari huyo, kwa hiyo fedha yoyote itasomeka kama malipo ya huduma hata ikitoka kwa moyo mweupe. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inambana anayetoa pia, si anayepokea peke yake. Mbuzi naye ana bei sokoni, hana tofauti na bahasha.

Barua ndiyo inayomfaa. Usimwandikie yeye. Mwandikie Mganga Mfawidhi wa hospitali, kupitia mkuu wa idara ya magonjwa ya ndani. Toa nakala tatu: moja ya Mganga Mfawidhi, moja uombe iwekwe kwenye jalada binafsi la daktari, ya tatu igongwe mhuri wa kupokelewa masjala urudi nayo. Mwandishi awe mgonjwa mwenyewe. Kama haandiki, wewe andika yeye aweke dole gumba. Namba ya faili iwepo, la sivyo hakuna atakayeweza kuthibitisha chochote. Ugonjwa utajwe ikiwa mzee ameridhia.

Barua nyingi za shukrani huishia kwenye "ana huruma, Mungu ambariki". Zinapendeza, ila bosi hana la kufanya nazo. Andika alichofanya, kwa mpangilio wake. Mfano:

"Dk. fulani aliniomba nilete eksirei zangu zote za zamani. Aliziweka pamoja na mpya, akanionyesha kwamba ukuta wa tundu la pafu la kulia umekuwa mnene na ndani yake kuna donge. Alirudia kipimo cha TB cha GeneXpert, kikatoka hasi. Ndipo akaomba picha ya CT na kipimo cha damu cha kingamwili dhidi ya Aspergillus. Hakunianzishia dawa za TB mara ya tatu."

Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko sifa zote. Mtaje pia mtu wa maabara na wa eksirei. Hao hawaandikiwi kamwe.

Na picha ya daktari msiirushe mitandaoni bila ruhusa yake.

Mfamasia_Tanga
Naongezea moja: kwenye barua msiandike "amepona". Andikeni "napata nafuu". Ugonjwa huu sugu hutibiwa kwa angalau miezi 6, wengine huenda zaidi, na unaweza kurudi dawa zikisimamishwa. Kwa hiyo pelekeni barua sasa, kisha nyingine fupi baada ya miezi 6 yenye uzito wa mwanzo na wa sasa pamoja na eksirei mpya.

Dozi ya kawaida ni miligramu 200 mara mbili kwa siku, yaani kapsuli mbili za miligramu 100 kila mara, jumla nne kwa siku. Zimezwe mara baada ya mlo kamili, kwa sababu zinahitaji asidi ya tumbo ili zinyonywe (mbuzi aliwe nyumbani basi, kabla ya kapsuli). Akinywa omeprazoli au dawa za kupoza tindikali, dawa inapita bure na mtasema haifanyi kazi. Rifampisini, moja ya dawa za TB, ndiyo mbaya zaidi: hushusha kiwango cha itrakonazoli mwilini kiasi cha kuifanya isiwe na maana, na athari yake hudumu kama wiki mbili baada ya kuiacha. Ndiyo maana mtu akiwaambia "tumpe na za TB kwa tahadhari", hiyo si tahadhari hata kidogo.

Arudi kliniki haraka akivimba miguu, akibanwa pumzi au macho yakiwa manjano. Mwenye moyo dhaifu au pumu anayevuta dawa za steroidi amwambie daktari. Akikohoa damu nyingi asingoje tarehe ya kliniki.

Kijana wa Same
Asante sana mzee wangu, asante mkuu. Swali la mwisho: ukuta wa chumba chake una ukungu mweusi. Ndio uliomletea? Tuutaje kwenye barua?

Daktari wa Kata
Msiutaje kama chanzo. Mbegu za Aspergillus zimo kwenye hewa tunayovuta wote, na pafu lenye afya huziondoa. Tatizo ni tundu. Utafiti uliofanyika Gulu, Uganda, na kuchapishwa 2019 ulikuta ugonjwa huu kwa karibu mtu 1 kati ya 20 waliowahi kutibiwa TB. Kwa hiyo daktari wenu hakuokota bahati, alikumbuka kuuliza "uliwahi kuugua TB?" na hilo ndilo la kuandika.

Ukuta usafishwe hata hivyo, ila si na mzee. Anzeni na bomba au bati linalovuja, maana ukipaka rangi juu ya unyevu, ukungu unarudi na masika. Sugueni kwa maji ya sabuni ukuta ukiwa umelowa, msikwangue mkavu kwa sababu vumbi lake ndilo lenye mbegu. Mzee akae mbali pia na mboji, maranda ya banda la kuku na kupembua mahindi yaliyovunda.

Kama hospitali yenu itrakonazoli hukosekana, aya moja ya barua iseme hivyo. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ugonjwa huu tangu 2017, na daktari akiwa na barua ya mgonjwa mkononi ana cha kuweka mezani anapoiombea bajeti.