Gari inavuta kilo 1500, hii boti ya mtumba ya futi 17 itaiweza?

mvuvi_wa_wikendi
Wakuu habari zenu. Kuna boti ya mtumba nimeipenda, ya faiba, futi 17, mashine ya nje hp 90 fostroki, inauzwa na trela lake. Muuzaji kanitumia karatasi ya kiwandani, uzito umeandikwa kilo 620. Kitabu cha gari yangu (kaSUV kadogo, gia otomatiki) kinasema inavuta 1500 trela likiwa na breki, 750 likiwa halina. Mi naona nafasi ipo ya kumwaga ila shemeji yangu kang'ang'ania kwamba nitaua gia boksi. Nani yuko sahihi hapo?

Spana14
Shemeji yako anakaribia ukweli kuliko wewe mkuu 😀 hiyo 620 ni bodi tupu, yaani kabla hawajafunga kitu chochote. Ongeza mashine, fostroki ya 90 haishuki kilo 150, wewe weka 160. Tangi likijaa lita 90 za petroli ni kama kilo 67, betri mbili 40, nanga na kamba na maboya na makorokoro ya kuvulia piga 80, halafu trela lenyewe ambalo kila mtu analisahau, hilo weka 350. Jumlisha uone, 1317. Bado hujapakia hata barafu ya samaki.

Na ile 1500 nayo usiishike kama msahafu. Tafuta kwenye kitabu au kwenye kibati cha mlangoni uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja. Tuseme ni 3400, gari tupu 1650, nyie wanne na mabegi 350, hapo umebakiwa na 1400 sio 1500. Yaani familia ikipanda garini, uzito wa boti inabidi upungue, na hiki ndicho watu hawakioni kabisa.

mvuvi_wa_wikendi
Duh. Kwa hiyo bado inaingia ila kwa kubana?

TeziNaOmo
Inaingia kwenye karatasi. Ndugu yangu boti ina umri gani? Hizi za faiba za zamani chini ya sakafu zimejazwa foma ya kuelea, na maji yakishapata njia kwenye tundu za skrubu ile foma inakunywa kidogo kidogo miaka na miaka na haikauki, hata boti ikae juani. Mimi niliwahi kununua moja nikawa nashangaa mbona mlimani gari inalia, siku nimefungua sakafu nikakata kipande cha foma nikakikamua kwa mkono, maji yakachuruzika kama sponji la kuoshea vyombo. Kagonge sakafu na ule ubao wa tezi (nyuma ya boti) unaobeba mashine, pakitoa mlio mzito kama unagonga ubao ulioloa, kimbia. Ila dawa kamili ni mizani, ya malori au ya vyuma chakavu. Litoe trela kwenye gari, lipime peke yake boti ikiwa juu yake.

dada_winchi
Naongezea, angalia pia uzito unaokaa juu ya ule mpira wa chuma unaofungia trela. Kitabu kina kikomo chake, magari madogo mengine ni kilo 75 tu. Ukipungua sana mbele trela linaanza kucheza mkia ukifika spidi, ukizidi gari inakaa chini nyuma na usukani unakuwa mwepesi. Pima kwa mizani ya bafuni, weka kigogo juu yake halafu shusha shingo ya trela hapo, trela likiwa limelala sawa. Kama haijakaa vizuri unasogeza boti mbele au nyuma.

Halafu gari yako inavuta matairi ya mbele? Kwenye mteremko wa kushushia boti uzito wote unaenda nyuma na pale chini pana utelezi wa mwani, utabaki unazungusha matairi tu watu wanakuangalia. Na ukifika usilitumbukize trela majini habu (vile vyuma vya katikati ya matairi vyenye beringi) zikiwa za moto, zikipoa ghafla zinavuta maji ndani, beringi kwisha.

Spana14
Dada kamaliza. Angalia na breki za trela kama zinashika kweli, zikiwa zimekufa wewe uko kwenye 750, hesabu zote hizi hazina kazi.

mvuvi_wa_wikendi
Wakuu nimerudi. Jana nimembembeleza muuzaji tukaenda mizani. Tangi halina mafuta, nanga haimo, maboya hayamo, kwa hesabu ya Spana nilitegemea 1170. Imesoma 1490!! Nikamwambia jamaa tutoboe tundu dogo sakafuni tuone, kagoma, anasema boti za zamani zote ndivyo zilivyo. Nimemwachia boti yake. Shemeji anatamba nyumba nzima. Kuna nyingine ya futi 15 naenda kuiona wiki ijayo, na safari hii tunaanzia mizani.

TeziNaOmo
Kilo 320 za maji, hapo ulikuwa unanunua tangi 😂