Gari la vijiti halirudi tena. Nani anavitoa?

Mama Viazi wa Isongole

Ndaga, wana jukwaa. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mkulima wa viazi huku juu Isongole, Rungwe, na ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati ya kijiji. Nina jambo linaninyima usingizi, na nikiri mapema kwamba nami nimo ndani yake.

Kuanzia 2021 kulikuwa na gari la mradi likitoka Mbeya mjini kila baada ya miezi mitatu, huduma ya mkoba, kuwawekea kina mama vijiti vya uzazi wa mpango mkononi. Wanapaki chini ya mkaratusi, wanafunga turubai, manesi wawili na dereva. Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba siku mbili kabla nikiwaambia kina mama "keshokutwa wanakuja wa vijiti", na siku yenyewe kuwachemshia wageni chai na viazi. Posho elfu kumi. Nisingelala njaa bila hiyo, ila nisiseme uongo, niliipenda. Nikawa na daftari langu, jina la mama na mwezi aliowekwa, maana kadi zao zinalowa na zinaliwa na panya. Humo mna wanawake 43.

Mara ya mwisho walikuja Desemba 2024. Machi nikachemsha chai kama kawaida. Ikafika saa saba mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye bomba la zahanati, gari hakuna. Nikampigia dereva. Akaniambia, "Mama, funguo tulirudisha mwezi wa kwanza. Hata mimi natafuta kazi."

Sasa waliowekewa kile kimoja cha miaka mitatu mwishoni mwa 2022, muda wao ndio huu. Nimehesabu, ni 17. Nesi aliyefunzwa kuvitoa alihamishwa. Aliyepo ni binti mpya, mchapakazi, lakini anasema wazi hajawahi kutoa hata kimoja na hataki kujifunzia kwenye mkono wa mtu. Juzi kaja mama mmoja kafunga kitenge mkononi. Nimekifungua, kumbe mumewe alijaribu kwa wembe. "Ulikuwa mpya," ananiambia, kama vile hilo litanituliza. Na kijiti chenyewe hakikutoka.

Wote wananiuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyewabishia hodi. Nani alipaswa kuvitoa? Na kamati ya zahanati ina uwezo gani hapa?

Mkunga Mstaafu, Makambako

Marahaba mwanangu. Huyo wa wembe aende kituo cha afya leo, kidonda kisafishwe na waangalie habari ya pepopunda. Usingoje nimalize kuandika.

Hao 17 watulize. Kijiti kikipita muda wake hakigeuki sumu, kinachoisha ni kinga. Kwa hiyo wakati mama anasubiri kutolewa, atumie kondomu, au achome sindano ya miezi mitatu.

Kazi yenyewe si kubwa kama wanavyoiogopa. Ganzi kidogo, mkato wa milimita mbili tatu, unakisukuma kijiti kwa kidole mpaka ncha ichungulie, unakishika kwa koleo ndogo, unavuta taratibu. Kikiwa kiliwekwa vizuri chini ya ngozi, dakika kumi nyingi. Kisipopapasika, mtu yeyote asikiguse huko kijijini. Hicho ni cha hospitali, na kwa mtu wa Rungwe ningeandika rufaa ya Meta, Mbeya.

Nenda kwa mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa wilaya. Anawajua waliofunzwa wako vituo gani. Mwombe akuazime mmoja kwa siku moja tu, huyo binti asimame pembeni ajifunze. Na msije mkachangisha kina mama. Uzazi wa mpango kwenye vituo vya serikali ni bure.

Karani wa Hesabu, Iringa

Kamwene dada. Nilishika vitabu vya mradi wa namna hiyo miaka minne, sitautaja. Swali lako la kwanza lilipita mezani kwangu, kwa hiyo acha nilijibu mimi.

Kwenye ripoti ya kila robo kulikuwa na safu ya wateja wapya. Hiyo ndiyo iliyosomwa. Waliotolewa vijiti nao walikuwa na safu yao, lakini sikumbuki hata siku moja mtu kunipigia simu kuniuliza kwa nini ni wachache. Fedha ya kutoa ilikuwa imejificha ndani ya ziara zijazo: gari likija kuweka vipya, litatoa na vya zamani. Siku gari lisiporudi itakuwaje? Hakuna aliyeliandika hilo kwenye bajeti, nami nikiwemo.

Tarehe 20 Januari 2025 Trump akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Barua ya kusimamisha kazi ilitufikia baada ya siku chache, na tukaambiwa hata dizeli iliyokuwa kwenye tangi tusiiguse. Julai mosi USAID, shirika la misaada la Marekani lililokuwa likitulipa, likafa, yaliyobaki yakahamia Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani.

Na msichanganye mambo. Ipo sera nyingine ya Marekani ya kuyanyima fedha mashirika ya nje yanayohusika na utoaji mimba. Ilianza wakati wa Rais Reagan, 1984. Clinton akaifuta 1993, Bush akairudisha 2001, Obama akaifuta 2009, Trump akairudisha 2017, Biden akaifuta 2021, Trump tena 2025. Aliyenitangulia ofisini aliniachia mafaili mawili ya fomu, moja la wakati wa kusaini, moja la wakati wa kutosaini, akanishauri nisitupe lolote.

UNFPA nao, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, wanaonunulia nchi nyingi dawa za uzazi wa mpango na kupeleka vifaa vya kujifungulia kwenye kambi za wakimbizi, wanapigwa na upepo huohuo. Mwaka 2002 Bush aliwazuilia dola milioni 34. Wanawake wawili wa hukohuko Marekani wakaanza kuomba watu milioni 34 watoe dola moja moja. Wenye vikoba mtawaelewa.

Mwaisa wa Mwanjelwa

Mnamlilia Trump wakati wakuu wa Afrika walikaa Abuja mwaka 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya. Jirani akikulishia mtoto miaka ishirini, siku akichoka utamkasirikia? Halafu mama, elfu kumi ulikula.

Mama Viazi wa Isongole

Nilikula, mwaisa. Nimeshasema.

Karani wa Hesabu, Iringa

Mwaisa, la Abuja sikupingi. Ila kukasirika nitakasirika, kwa sababu vingine vilikuwa vimeshalipiwa. Hiyohiyo Julai 2025, Marekani ilitangaza kuteketeza dawa na vifaa vya uzazi wa mpango vya dola milioni 9.7 vilivyokuwa ghalani Geel, Ubelgiji. Si kwamba vimeoza. Vya mwanzo kuisha muda ni vya 2027, vya mwisho 2031. Wabelgiji wenyewe walijaribu kuwazuia. Shirikisho la kimataifa la uzazi wa mpango, IPPF, lilipiga hesabu kwamba Tanzania ilikuwa ikikosa sindano 1,031,400 na vijiti 365,100, asilimia 28 ya mahitaji yetu ya mwaka.

Dada, kuhusu kamati. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, ule wanaouchangia wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, na kamati yenu ina sauti juu yake. Omba kuona mpango wa mwaka. Kaa nao chini, usome mstari kwa mstari.

Mama Viazi wa Isongole

Ndaga fijo, mkunga, na wewe karani. Mliniambia nisome, nimesoma. Nimechelewa kurudi, tulikuwa tunavuna.

Kikao kilichukua saa nne. Mwenyekiti alisema fedha imeshapangwa, kuna choo cha wagonjwa kinabomoka, na ni kweli kinabomoka, mimi mwenyewe naogopa kukiingia. Nikamwomba yule wa wembe aingie, akakunja mkono wa gauni. Hakusema neno. Tukakubaliana tuanze na makusanyo ya zahanati yenyewe: mafuta ya pikipiki, ganzi, glovu, nyembe za upasuaji. Choo kikasukumwa mbele robo moja.

Nesi kutoka kituo cha afya alikuja Alhamisi. Walifika 12. Kumi wametolewa, wawili vijiti havikupapasika, wameandikiwa Meta. Sikuwahi kukiona kijiti kikitoka. Ni cheupe, kifupi kuliko njiti ya kiberiti, na kikianguka kwenye bakuli la chuma kinalia kidogo sana. Vitatu vya mwisho alivitoa binti yetu mwenyewe, ulimi umeng'atwa katikati ya meno, jasho linamtoka na baridi yote ile. Yule wa wembe akaomba apewe chake akamwonyeshe mumewe. Wakamkatalia, ni taka za hospitali. Akasimama palepale mpaka alipoona kimetupwa kwenye ndoo.

Katika hao kumi, saba walitaka kuwekewa kingine. Boksi la zahanati lilikuwa na vinne.

Nesi akanigeukia mimi mwenye daftari, akaniuliza tuanze na nani. Nikawataja wanne wanaotoka ng'ambo ya mto, maana mvua zikishika hawavuki. Watatu wameondoka na vidonge vya majira. Mmoja wao ni mke wa mdogo wangu, na tangu Alhamisi hajapita kwangu.

Mkunga, hivyo vidonge akisahau siku mbili afanyeje? Ameniuliza kwa kumtuma mtoto.